Ngano ya Bi Halima

Jumapili, nyumbani kwangu Wazo. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, ile isiyolowesha wala isiyoacha. Vumbi la saruji lililokaa juu ya majani ya mpapai limegeuka uji wa kijivu, na nguo nilizoanika jana bado ziko kambani kwa sababu sina moyo wa kuzitoa. Nimerudi kutoka Temeke jioni hii. Sijala. Naandika, maana nisipoandika nitaanza kuongea peke yangu na majirani wataniitia shehe.

Nimemuua mtu.

Hajafa. Tatizo lenyewe ndilo hilo.

Ngoja nianze mwanzo. Bi Halima ni jirani yetu wa Temeke, nyumba ya pili kutoka ile niliyozaliwa. Mama alipokuwa akiwahi sokoni, mimi nilikuwa naamkia kwa Bi Halima. Alinilisha, alinichapa, alinifundisha kusuka ukili na kufunga mdomo mbele ya wageni. Mtaani walimwita Bi Mzungu mpaka akazeeka na jina hilo, kwa sababu ya rangi yake. Baba yake alikuwa Mgiriki wa mashamba ya mkonge huko Tanga, mama yake Mzigua. Alipokuwa msichana mdogo baba akaaga kwamba anakwenda kwao kuangalia wazee, na hakurudi. Mjomba akamchukua mtoto, akamlea Kiislamu, akampa jina la Halima. Jina la kwanza, la ubatizo, lilikuwa Eleni, na hilo alibaki nalo mama yake tu, ambaye ameshatangulia mbele ya haki.

Mwaka huu kampuni ninayofanyia kazi, mawakala wa meli, ikanipeleka Ugiriki kwa mafunzo. Nilipokwenda kumuaga Bi Halima, tulikunywa chai, kisha akanitajia kijiji. Mama yake alimkaririsha jina lile utotoni kama watoto wanavyokaririshwa juzuu: kijiji, kanisa lake, na kwamba kule kuna mtoto mwingine wa baba, wa kike, mkubwa kwake. Akaniwekea picha yake mkononi, ile aliyopiga studio sikukuu iliyopita, amejitanda khanga.

“Kama yupo huyo dada, mwambie mie nipo,” akasema. “Basi. Sitaki kitu chao. Mwambie tu nipo.”

Nilitumwa neno moja.

Jina la kijiji sitaliandika hapa. Bi Halima alilitamka kwa lafudhi ya Kizigua, lakini mwalimu mmoja wa mafunzo alilitambua, akacheka kwa mshangao, akanionyesha kwenye ramani. Mwisho wa juma nikapanda basi mpaka mji mdogo chini ya milima, na pale nikamkodi dereva mmoja, Yorgo, mwenye Kiingereza cha kuombea maji. Barabara ilijikunja mpaka masikio yakaziba. Simu yangu ilikufa mtandao nusu ya njia na haikufufuka.

Nilitarajia kijiji. Nikakuta mawe. Nyumba za mawe, mapaa ya mawe, ngazi za mawe badala ya vichochoro, na makanisa. Sijui niseme vipi makanisa yalivyokuwa mengi. Mengine madogo kama kibanda cha mlinzi, yamejengwa pembeni mwa kisima, juu ya jabali, nyuma ya zizi. Watu wenyewe wachache, wazee watupu. Yorgo alinionyesha kidole juu, kwenye mwamba, nikaona nyumba ya watawa imegandamana kule kama kiota cha mbayuwayu, na kwa kweli nilisema subhanallah kwa sauti.

Kanisa kubwa liko katikati ya kijiji, na mlango wake ni mfupi makusudi, mtu aingie ameinama. Nikavua viatu mlangoni bila kufikiri. Yorgo akacheka, akanirudishia. Ndani kuna giza la ubani. Kuta zote, kutoka sakafuni hadi darini, wamechorwa watakatifu wembamba wenye macho makubwa, wameingia weusi kwa moshi wa mishumaa ya karne na karne, na ukisimama katikati unajisikia umeingia kwenye kikao cha watu waliokuwa wakikusubiri. Mimi mtoto wa madrasa nilishikwa na heshima iliyonishangaza. Pale ndipo Bi Halima angesimama kama maisha yangekwenda njia nyingine.

Yorgo aliuliza uliza, na dada akapatikana. Anaitwa Despina. Mwanamke mrefu, mzee kumzidi Bi Halima, nguo nyeusi juu mpaka chini, nyumba yake nyuma ya kanisa. Alipoiona ile picha akaishika kwa mikono miwili, akakaa. Hakuuliza huyu nani. Alijua, baba yake alimwambia kabla ya kufa. Pua ni ile ile, jamani, hata mimi niliiona.

Yorgo akapigiwa honi, gari lake lilikuwa limeziba njia ya mtu. Akatoka. Tukabaki mimi na Despina na picha.

Akaniangalia. Akagusa picha kwa kidole, akauliza neno moja fupi: “Zi?”

Kigiriki sijui. Lakini nilidhani nimeelewa: ndiye? Ndiye mdogo wangu? Nikainua nyusi, kama tunavyofanya sote hapa, kwamba ndiyo, naam, ndiye. Akauliza tena, sauti ikitetemeka. Nikainua nyusi tena. Na kwa kuwa ni mtu mzima na mimi nimelelewa, nikainamisha macho chini na kuweka mkono kifuani.

Akalia. Alilia kilio cha kutoka tumboni, akaikumbatia picha. Na mimi nikalia naye kwa furaha. Nilijisikia malaika, Mungu anisamehe.

Yorgo aliporudi, Despina akamwambia maneno. Yorgo akavua kofia, akaniambia “sori.” Nikajua ananipa pole ya safari. Sisi tunampa pole mtu hata akibeba mkoba, kwa nini nishangae? Nikamwambia asante, nimeshapoa.

Nililala kwa Despina. Yorgo alishuka mjini na kuahidi kunifuata kesho yake. Jioni ile wakaja wanawake, mmoja mmoja, wote wazee, wote wamevaa nyeusi. Wakanibusu. Wakakaa kwa kujipanga ukutani na kunywa kahawa chungu isiyo na sukari, na mimi nikajisikia nyumbani kabisa, kama barazani kwetu. Nilichogundua ni kwamba hawakucheka hata mara moja. Nikajiambia, watu wa mlimani ndivyo walivyo, baridi inawakausha.

Kisha Despina akamwaga ngano kwenye sinia. Macho yake hayaoni vizuri, akawa anapapasa mawe na makapi. Nikamnyang'anya sinia. Nani angekaa amtazame bibi anahangaika? Nikaichambua ngano ile punje kwa punje kama mchele wa pilau, huku nikiimba chini chini. Akaichemsha, akaitandaza juu ya kitambaa ikauke, na asubuhi akaichanganya na sukari, zabibu, lozi na komamanga, akaifunika juu kwa sukari nyeupe, akachora msalaba. Nilidhani ni keki yao.

Ilipelekwa kanisani. Wakaiweka juu ya meza ndogo mbele ya watakatifu wale, wakachomeka mshumaa katikati, wakaegemeza picha ya Bi Halima. Padri mwenye ndevu mpaka kifuani akaimba, wazee wakaitikia, na katikati ya maneno nisiyoyajua nikalisikia jina: Eleni. Nikatoa simu nikarekodi. Baadaye Despina akanipeleka kwenye chumba pembeni mwa kanisa ambako mifupa ya marehemu wao huwekwa baada ya kufukuliwa, kila mtu na sanduku lake la bati, akanionyesha la baba. Akalibusu, akasema naye kwa muda. Nilipoondoka alinifungia ngano ile kwenye mfuko na kunishika uso.

Nilirudi Dar nimevimba kichwa. Nikaenda Temeke hata sijafungua begi.

Niliyomsimulia Bi Halima siku ile nayakumbuka yote, na kila neno linaniuma sasa. Nilimwambia kijiji kizima kilikusanyika kwa ajili yake. Nikamwambia wameiweka picha yake kanisani, wamewasha mshumaa, wameliimba jina lake. Nikamwambia dada amelia kwa furaha na atapiga simu, nimemwachia namba. Habari ya sanduku la bati nilisita, lakini akasema bora, yuko ndani, hanyeshewi. Nikampa ngano. Ilikuwa imeanza kuchacha kidogo. Akala. Akaita majirani, akawagawia kijiko kijiko: onjeni, imetoka kwetu, kwa baba yangu.

Alhamisi iliyopita ofisini nikamwonyesha Koku ile video. Koku tumekaa naye meza moja siku nyingi. Ni Mhaya, na kwao ni Waorthodoksi toka babu. Nilitaka tu anitafsirie wimbo. Akatazama, akaacha kutafuna.

“Pole jamani. Huyo bibi kafa lini?”

Nikamwambia hajafa, yupo Temeke. Akasema haiwezekani, hiyo ni ngano ya marehemu, bibi yake alipofariki padri aliwapikisha hiyo hiyo, na wimbo ule ni wa kumwombea mtu kumbukumbu ya milele. Nikaanza kubisha kwa hasira, kwamba mimi mwenyewe nilimwambia dada yake yuko hai.

“Ulimwambiaje, na Kigiriki hujui?”

“Aliniuliza, nikamwinulia nyusi.”

Koku akajishika mdomo. Akanieleza habari ya padri Mgiriki aliyekuwa akija parokiani kwao Bukoba utotoni mwake. Kila alipouliza watoto kama wanataka chakula zaidi, walimwinulia nyusi kwamba wanataka, na yeye akaondoa sahani. Kwa Wagiriki kuinua nyusi ni kukataa. Watoto walilala njaa mpaka katekista akagundua.

Nikalitafuta lile neno kwenye simu. Zi. Yu hai?

Yu hai? Nikasema hapana. Akauliza tena, nikasema hapana, nikainamisha macho, nikaweka mkono kifuani. Adabu yangu yote niliyofundishwa na Bi Halima ndiyo niliyoitumia kumzikia.

Koku akaongeza, taratibu, kwamba na wao wana arobaini. Yule dada atachemsha ngano tena.

Tangu Alhamisi sijalala usingizi wa maana. Ijumaa nilijiambia nitakwenda, nikasingizia mvua. Jana nikasingizia kufua. Ukweli ni kwamba sikuwa namwogopea Bi Halima. Nilikuwa najiogopea mimi, sura yangu mtaani, Zuwena aliyekwenda Ulaya akaleta habari njema. Nimeliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Leo nikaenda. Nilimkuta barazani, simu imening'inia shingoni ndani ya kimfuko cha plastiki, asije akaikosa simu ya dada yake hata akiwa bafuni. Nimeshika mkono wake kusema shikamoo, simu ikaita. Akaipokea haraka, akasema “Dada?” Walikuwa wale matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii. Akawaambia wamekosea, kwa upole, kama vile wanastahili upole.

Sikungoja chai. Nikamwambia yote pale pale, nimepiga magoti kwenye mkeka, nyusi na ngano na kila kitu. Nililia mimi kabla yake. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Kwa hiyo ile ngano…”

“Ndiyo, mama.”

“Nimekula matanga yangu mwenyewe.”

“Ndiyo.”

“Na majirani nikawagawia!”

Akacheka. Akacheka mpaka mtandio ukamvuka, akipiga goti kwa kofi. Akasema aliyezushiwa kifo huishi sana, sasa tutamchoka. Mimi sikuweza kucheka, na alipoliona hilo akaacha. Akajitanda upya.

“Alilia kweli?”

“Sana.”

“Basi mwache.”

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaniambia nimwache, nisirekebishe kitu. “Wewe mtoto bado. Aliyekufa hadai, Zuwena. Nikifufuka leo, mie n'takuwa Mswahili mmoja kajitokeza, anataka nyumba ya baba. Saa hizi mie ni mdogo wake, kaniombea kanisani. Na huyo Eleni wao kafa kweli. Kafa siku ile baba anapanda meli. Wala hujawadanganya.”

Na mimi nilifurahi.

Nilisikia mzigo unashuka mabegani, wallahi. Hakuna simu ya kupiga, hakuna aibu ya kumweleza Yorgo, aliyekosewa mwenyewe amesamehe. Nikasimama, nikachukua pochi, nikaanza kuvaa viatu. Kule mlimani bibi kizee amevaa nyeusi juu ya nyeusi kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa nawaza foleni ya kurudi Wazo. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo ninalolionea haya zaidi, kuliko hata nyusi. Kosa la nyusi lilikuwa la kutojua.

Sauti ikanifuata mgongoni.

“Ana nani pale ndani?”

“Hana mtu. Mumewe alishafariki, mwanawe yuko nchi za mbali.”

“Anapika nani?”

“Mwenyewe.”

“Na hiyo arobaini, ngano atachambuliwa na nani? Si ulisema macho hayaoni?”

Nikasimama na kiatu kimoja mkononi.

“Rudi hapa. Mtu mzima hawezi kukaa peke yake anahangaika na mawe ya ngano kwa ajili ya mie niliyekaa hapa nakunywa chai. Atanifikiria vyovyote. Leta hiyo simu.”

Tukaamua kumrekodi, Yorgo apande na video kule juu amwonyeshe. Sauti peke yake isingetosha, na maandishi angeyasoma nani. Nikamwelekeza: nitauliza “Zi?” nawe ujibu kwa kuinamisha kichwa, ndivyo wanavyokubali. Nikauliza. Akainua nyusi. Tukafuta. Nikauliza tena, akaahidi amekumbuka, akainua nyusi tena, akajitukana. Miaka yote hiyo nyusi zake zimesema ndiyo, leo nazikataza. Mara ya tatu ikawa hivyo hivyo na hapo tukacheka wote wawili, mimi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mwishowe akajifunga mtandio chini kabisa ya paji la uso, ukabana, akainamisha kichwa polepole, mara mbili, akiitazama kamera moja kwa moja. “Dada, mie nipo,” akasema. “Nipo, wala sidai kitu. Usipike tena.”

Nimeituma kwa Yorgo, na maelezo marefu ya Kiingereza chepesi kwamba kosa ni langu, si la mtu mwingine. Mpaka sasa imewekewa alama moja tu, haijamfikia. Pengine yuko milimani huko huko bila mtandao. Kesho nitampigia kabla sijapiga mswaki, na asipopokea nitampigia yule mwalimu wa mafunzo, na ikibidi nitamtafuta padri wa kule kijijini. Sijui Despina ataipokeaje. Anaweza akafurahi. Anaweza akasema tumemchezea, na atakuwa na haki.

Kuna jambo moja nimelibakiza kwa sababu sijui niliweke wapi.

Baada ya kutuma, Bi Halima aliniambia nimwekee tena ile video ya kanisani. Nikamuuliza ya nini, akasema weka tu. Mara ya kwanza alipoiona alikuwa akiwaita majirani, anaonyesha huku na huku, hakuisikiliza. Leo akaiweka karibu na sikio, akafumba macho. Ubani nilikuwa kama nausikia. Padri aliimba, wazee wakaitikia, mvua inagonga bati. Padri akafika pale anapolitaja jina, Eleni, analivuta kwa sauti nene ya kizee.

Na Bi Halima akaitika, taratibu, kama mtoto aliyeitwa na mkubwa wake kutoka chumba cha ndani:

“Abee.”